Kahawa ya Mengo

SWALI: Mwanangu ni mmisionari wa Kimormoni, kapangiwa Mengo, Kampala. Kwenye simu analalamikia kahawa. Kuna nini?
Mama, Nakuru

JIBU: Imani yake inamkataza chai na kahawa, na Buganda mgeni hukaribishwa kwa buni za kutafuna. Si kitafunwa tu: zamani watu waliochanjiana undugu walikula buni iliyopakwa damu zao. Kuikataa ovyo kunaumiza. Aipokee kwa mikono miwili, aseme “weebale nnyo”, ndipo aeleze mwiko wake na kuomba maji. Waganda wanaheshimu mwiko. Kila ukoo una wake.

Anapobisha hodi kuhubiri, milango migumu asiihofu. Anatembea kati ya kilima cha Namirembe cha Waanglikana na cha Rubaga cha Wakatoliki, dini zilizofika Buganda 1877 na 1879. Watu wana makanisa ya babu zao.

Mimi ningemuuliza zaidi habari za mwenzake. Miaka 2 wamisionari wa kiume huishi wawili wawili, kulala na kuamka, na hawachaguani. Hapo ndipo vijana wengi huchoka kimyakimya. Tangu 2019 wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki. Mwulize habari za huyo mwenzake, umsikilize bila haraka.