Uliza Kama Utaweza Kukataa Kuruka

Wiki hii namjibu binti aliyepata leseni ya kibiashara ya kurusha helikopta pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, na sasa ana barua ya kazi kutoka ng'ambo: kuzungusha watalii angani. Ameniuliza kama mshahara unatosha, kama leseni yake itakubalika huko, na mama yake amwambie nini. Yote nitayagusa. Lakini kuna moja hakuniuliza, na mimi ningeanza na hilo. Siku mawingu yakishuka, watalii sita wamekwisha kulipa, wamepimwa uzito na kuvalishwa majaketi ya kuokolea, utaweza kumwambia bosi "leo siruki", na kesho yake bado ukawa na kazi, pa kulala na viza?

Chukua Kauai, kimojawapo cha visiwa vya Hawaii. Pwani yake ya Na Pali ina magenge marefu yanayotumbukia baharini, na barabara haipiti huko, kwa hiyo watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kuyatazama kutoka juu. Milima hiyohiyo inayowavuta watalii ndiyo inayokusanya mvua na mawingu. Tarehe 26 Desemba 2019 helikopta ya watalii aina ya AS350 iligonga mlima huko, na rubani na abiria wake sita wakafa wote. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilihitimisha kwamba rubani, mtu mzoefu kabisa, alikuwa akiruka kwa kutegemea macho, akaendelea mbele hadi akaingia mahali ambapo macho hayakuwa na la kumwonyesha. Marubani wengine wa watalii waliokuwa hewani siku hiyo waliona hali inavyoharibika wakageuza njia.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 Januari 2020, ikatokea ile ajali ya helikopta ya Calabasas, California, iliyomuua mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant, binti yake na wengine saba. Ile haikuwa safari ya watalii, lakini ukungu ni uleule na uamuzi ni uleule. Wachunguzi hawakupata ushahidi kwamba kampuni au mteja alimsukuma rubani aruke. Walichotaja ni shinikizo alilojitia mwenyewe, kwa kutaka kumfikisha mteja wake aliyemzoea.

Hapo pa kujitia shinikizo, mdogo wangu, nakuomba upasome mara mbili. Wewe unaondoka nyumbani na deni la sacco. Baba ameuza kipande cha shamba. Shangazi amesimamia harambee, na mchungaji amelitaja jina lako madhabahuni. Mzigo huo haupimwi kwenye mizani ya abiria, na utaruka nao kila siku. Bosi anaweza kuwa mtu mwema asiyekulazimisha lolote, nawe ukajilazimisha mwenyewe kwa sababu mwisho wa mwezi umekaribia. Ndiyo maana nasema kukataa kuruka ni jambo la kupangiwa mapema, ungali nyumbani, kwa fedha na kwa maandishi.

Anza na jinsi utakavyolipwa. Uliza kama una mshahara wa mwezi usiotikisika au unalipwa kwa kila saa ya kuruka. Kampuni nyingi huchanganya: kiasi fulani cha msingi, halafu nyongeza ya saa. Kiasi cha msingi kikiwa hakitoshi kodi ya nyumba na chakula, basi kila mvua itakayonyesha itakuwa inakata mfukoni mwako, na utaanza kuyatazama mawingu kwa jicho la mwenye njaa. Mimi kazi ya namna hiyo nisingeichukua, hata jumla yake ikionekana kubwa.

Kisha viza. Kibali cha kazi katika nchi nyingi hufungwa kwa mwajiri mmoja; ukiachana naye, hesabu ya siku za kuondoka inaanza. Uliza ni siku ngapi, na kama unaruhusiwa kutafuta mwajiri mwingine ukiwa hukohuko. Kama unaelekea Ghuba, Dubai kwa mfano, ambako watalii hurushwa juu ya kisiwa cha Palm na ufukwe wake, pasipoti yako ikae kwako. Sheria ya Falme za Kiarabu haimruhusu mwajiri kukushikia. Anayekuambia "tunakutunzia tu" mjibu kwa adabu kwamba utaitunza mwenyewe.

Soma pia kipengele cha gharama za mafunzo. Kampuni ikikufundisha helikopta mpya, tuseme umetoka kwenye Robinson unapandishwa kwenye AS350 au H130, mara nyingi itakutaka uifanyie kazi muda fulani au urudishe fedha. Si dhuluma, mafunzo ya helikopta za injini ya tabo ni ghali. Lakini deni liwe linapungua kila mwezi unaofanya kazi, na mkataba useme wazi kwamba ukifukuzwa kwa kukataa kuruka kwa sababu ya usalama, hudaiwi kitu. Wakikataa kuandika hilo, umejifunza jambo kuwahusu kabla hujapanda ndege.

Kuhusu leseni nitasema kwa ufupi. Leseni ya Kenya au Tanzania inaheshimika, lakini haikuruhusu kubeba abiria wa kulipa katika nchi ya wengine mpaka mamlaka ya huko iithibitishe au ikufanyishe mitihani yake. Marekani, kwa kazi ya kibiashara, utafanya mitihani yao ya nadharia na ya kuruka; na ukiipata leseni yao bado haikupi ruhusa ya kuajiriwa, hiyo ni habari ya uhamiaji. Cheti cha afya cha daraja la kwanza utakihuisha kila mwaka. Kiingereza nacho hupimwa: daraja la nne ndilo la chini kabisa, nalo hupimwa upya kila baada ya miaka 3, kwa hiyo lenga daraja la sita, ambalo halirudiwi.

Sasa saa zako za kuruka, na hapa nina wasiwasi. Sheria ya Marekani inaruhusu leseni ya kibiashara ya helikopta kwa jumla ya saa 150, lakini kampuni za watalii kule kwa kawaida hutaka mtu mwenye kama saa 1,000. Vijana huzijaza kwa kufundisha, na hata kufundisha kwenye Robinson R22 au R44 huko kunadai saa 200 za helikopta. Wewe unaniambia una saa mia mbili na kidogo, na mtu uliyekutana naye kwenye simu tu anakupa abiria mwezi ujao. Inawezekana, zipo nchi ambako R44 hurushwa na vijana wa saa chache, tena vizuri. Muulize tu: nitaruka na nani wiki za kwanza, njia gani, na nani ataniachia niruke peke yangu? Swali hilo likimkera, nami nimekerwa naye.

Usijidharau pia. Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Umejifunzia kwenye hewa nyepesi, ambako mapanga hayapati hewa nzito ya kushika na injini hukosa pumzi mchana wa joto. Waliojifunzia pwani huanza kuyajua hayo wakifika Tusayan, ule uwanja wa watalii wa Grand Canyon ulio kwenye mita 2,000 hivi, Julai jua likiwaka. Wewe kupiga hesabu ya uzito na joto kabla ya kuinuka ni desturi yako. Endelea nayo, na abiria akikutajia kilo zake kwa aibu, mpandishe kwenye mizani kwa upole na usisomee wenzake namba.

Ulizia na msimu. Juneau, Alaska, ambako watalii hushushwa juu ya barafu, kazi hufuata meli za wageni, kuanzia Mei hadi vuli. Meli zikiisha, kazi imekwisha. Kama mkataba wako ni wa msimu, gawanya mapato kwa miezi 12 ndipo useme kama mshahara unatosha.

Na mama. Mwambie ukweli wa fedha kabla hujaondoka: kwamba mwaka wa kwanza utatuma kidogo. Sababu ni kwamba fedha za mwanzo kabisa, kabla ya paa jipya na karo ya mdogo wako, ziende kwenye akaunti yako mwenyewe mpaka zitoshe nauli ya kurudi na miezi 3 ya kuishi bila kazi. Akiba hiyo ndiyo itakayokupa sauti asubuhi ya mawingu. Mama aliyekulea hadi ukawa rubani ataelewa ukimweleza hivyo, na ataelewa zaidi kuliko ukimwahidi makubwa kisha ukaanza kukwepa simu zake. Mwonyeshe pia bima: inakulipia matibabu nchi ile, na lolote likitokea inakurudisha nyumbani kwa gharama ya nani?

Umesema wanataka saini yako Ijumaa. Waandikie leo uombe wiki moja zaidi na nakala kamili ya mkataba, pamoja na mawasiliano ya marubani wawili: mmoja aliyeko kazini na mmoja aliyeacha mwaka jana. Huyo aliyeacha muulize mara ya mwisho aligeuza njia kwa sababu ya mawingu ilikuwa lini, na bosi alimwambia nini aliporudi. Ukipata majibu niandikie kabla hujasaini, tuupitie mkataba kipengele kwa kipengele.