Mkate wa Dukani na Mkate wa Altareni



Mchana nachora vibandiko vya sabuni na unga, maana kodi ya nyumba haisubiri. Usiku napaka rangi tupu, zisizo na sura ya kitu, na hapo ndipo huwa nasali. Nilijiambia ya mchana ni ya dunia, ya usiku ndiyo ya Mungu. Matokeo yake? Nikawa nalipua kazi za wateja.

Aliyenigutua ni Corita Kent, mtawa aliyefundisha sanaa Los Angeles. Mwaka 1962 alichukua madoa ya rangi ya mfuko wa mkate wa dukani, Wonder Bread, akachapa picha ya madoa matupu. Ukiitazama, unafikishwa kwenye Ekaristi. Hakulikimbia soko, alilisalia.

Soma Kol 3:22-23. Paulo aliwaandikia watumwa, watu wasiochagua kazi yao, kwamba hata hiyo waifanye kwa ajili ya Bwana. Sasa mimi je?

Zoezi: kesho kabla ya kuanza kazi, fanya ishara ya msalaba, umwombee atakayeitumia. Mimi jana nilimwombea mama atakayefulia ile sabuni, kisha nikakichora upya kibandiko nilichokilipua.