DHAMBI ILIYOPEWA CHUMBA NYUMBANI

Somo la mwezi kwa waaminifu wote

Masomo ya kusoma kwanza: Yoshua 7, 2 Samweli 11 na 12, Matendo 19:18-20, Waebrania 10:26-31, 1 Yohana 1:8-10 na 3:4-10.



Mwezi huu tunafungua somo ambalo wengi wetu hawapendi kulisikia. Hatusemi juu ya dhambi ya mtu ambaye hajawahi kusikia Injili. Tunasema juu ya mtu aliyebatizwa, anayejua nyimbo zote, anayekuja kuabudu na vazi lake jeupe limepigwa pasi, na ambaye nyumbani kwake kuna kitu kimoja ambacho Mungu amemwambia mara nyingi akitoe, naye hakitoi. Tafadhali mbele ya kuendelea, fungueni Biblia na kusoma sura zilizoandikwa hapo juu. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Kuanguka na kukaa

Njia ya Kasongo kwenda Kabambare mnaijua wakati wa mvua. Msukuma baiskeli mwenye magunia mawili ya mpunga anateleza, mzigo unaanguka, yeye mwenyewe anajaa matope. Anainuka, anafunga kamba upya, anaendelea. Huyo atafika. Lakini tukimkuta mtu ametandika mkeka ndani ya matope yale, ameleta na chungu chake cha kupikia, tutasema nini? Huyo hakuteleza. Amehamia.

Mtume Yohana anasema mambo mawili ambayo mara ya kwanza yanaonekana kugombana. Katika sura ya 1 anasema kwamba mtu akidai hana dhambi anajidanganya mwenyewe. Katika sura ya 3 anasema kwamba aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi. Walimu wa Maandiko wanaeleza kwamba katika Kigiriki, lugha aliyoandikia, lile neno la sura ya 3 linaonyesha tendo linaloendelea, kazi ya kila siku. Yohana hasemi kwamba Mkristo hataanguka hata mara moja. Anasema kwamba mtoto wa Mungu hawezi kufanya dhambi iwe kazi yake, na roho yake ikalala usingizi mzuri.

Kwa hiyo swali la somo hili halihusu ukubwa wa dhambi. Kuna dhambi ndogo iliyopewa chumba, na ikakaa humo miaka ishirini.

Waaminifu wa Efeso

Watu wengi wakisoma Matendo 19 wanafikiri kwamba waliochoma vitabu vya uganga walikuwa wapagani waliotubu siku ile. Someni tena aya ya 18. Luka anaandika kwamba waliokuja kuungama ni watu waliokuwa wamekwisha kuamini. Paulo alikaa Efeso zaidi ya miaka miwili. Watu hawa walikuwa wakimsikiliza, wakisali pamoja, na vitabu vile vikiwa bado chini ya kitanda. Walikuwa na Yesu kwa mchana na kitu kingine kwa usiku.

Bei ya vitabu vile ilihesabiwa: vipande 50,000 vya fedha. Kipande kimoja kilikuwa karibu na mshahara wa siku moja wa kibarua. Fanyeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya miaka 130 ya kazi ya mtu mmoja bila kupumzika. Na hawakuviuza. Wangeviuza, pesa wangeipata, na hata sadaka kubwa wangetoa. Lakini aliyenunua angepata sumu ileile, na wao wangekula faida yake. Walichoma, tena mbele ya watu wote.

Katika nchi yetu jambo hili limetokea. Kuanzia Aprili 1921, kule Nkamba katika Kongo ya Chini, Simon Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa. Alichowaambia watu ni wazi: acheni fetishi, acheni ndoa ya wake wengi, acheni ngoma za uchafu. Watu wakatupa fetishi zao, hata njiani zikaonekana zimelala. Septemba mwaka uleule alikamatwa. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi ikamhukumu kufa. Mfalme Albert wa Ubelgiji akaigeuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Alikufa gerezani Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Wafuasi wake walihamishwa kwa nguvu mpaka mikoa ya mbali, wengine mpaka kambi ya Lowa, kandokando ya mto huu wetu wa Lualaba, chini ya Kindu. Watu wale walipoteza mashamba na jamaa zao kwa sababu ya neno hili. Sisi ambao leo tunasali bila kukamatwa na mtu, tunarudisha fetishi ndani ya nyumba kwa mlango wa nyuma.

Na tuseme waziwazi. Mtu ana hirizi imeshonwa ndani ya mkanda. Mwingine amezika dawa kwenye mlango wa duka. Kijana anayekwenda kuchimba dhahabu Namoya au Salamabila anapita kwanza kwa mufumu, kisha anapita kwa mchungaji kuombewa, na hakuna kati ya wawili hao anayejua habari ya mwenzake. Ndugu zetu Waislamu wa Kasongo wanatuona, maana mji ni mdogo.

Matokeo ya dawa sisi wa Maniema hatuhitaji kufundishwa. Wazee wanakumbuka mwaka wa 1964, Simba walipopita na maji yao ya dawa ya kuzuia risasi. Katika vita vilivyoanza 1996 tuliona mambo hayo tena kwa Mai-Mai. Dawa ile ilikuja na miiko: usiguswe na mtu, usikaribie mwanamke, usile hiki, usiangalie nyuma. Kijana akipigwa risasi, walisema amevunja mwiko. Dawa haikosi hata siku moja. Anayekosa ni maiti. Hivyo ndivyo dhambi iliyopewa chumba inavyotawala. Inakuahidi ulinzi, na kila siku inakuongezea woga. Wengi wetu tumezika watoto waliokufa wakiamini maji yale, na mpaka leo wapo wanaoyatafuta.

Daudi: amesamehewa, na upanga haukuondoka

Sasa tuje kwa mfalme Daudi, maana hapa waaminifu wengi wanajidanganya. Wanasema: nitatubu baadaye, Mungu husamehe. Kweli husamehe. Lakini angalieni muda. Tangu Daudi alipomchukua Bathsheba mpaka nabii Nathani alipokuja, mtoto alikuwa amekwisha kuzaliwa. Ni miezi mingi. Miezi yote hiyo Daudi alikaa kwenye kiti akihukumu kesi za watu. Nathani alipomletea habari ya tajiri aliyenyang'anya kondoo mmoja wa maskini, hasira ya Daudi iliwaka, akasema mtu yule anastahili kufa na alipe mara nne. Tumeliona hilo hata katika vikao vyetu: mtu anayefuga dhambi huwa mkali kuliko wote kwa dhambi ya mwenzake.

Daudi akakiri, na katika aya ya 13 anaambiwa palepale kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake. Lakini aya ya 10 haikufutwa: upanga hautaondoka katika nyumba yake. Amnoni mwanawe akamtendea vibaya Tamari dada yake, kwa tamaa kama ile ya baba. Absalomu akamwua Amnoni, kama baba alivyomwua Uria. Kisha Absalomu akaingia kwa masuria wa baba yake juu ya paa la nyumba ya mfalme, mbele ya Israeli yote (2 Samweli 16:22). Juu ya paa ndipo Daudi aliposimama jioni ile akamwona mke wa mtu. Watoto walikuwa wamesoma maisha ya baba yao kuliko zaburi zake.

Baba mwenye ile inayoitwa mjini "biro ya pili", tafadhali usipite hapa haraka. Utatubu, na Mungu atakusamehe, na hilo ni kweli tupu. Lakini kijana wako wa sekondari aliyefukuzwa kwa sababu pesa ya shule ilikwenda upande ule, mwaka wake hautarudi. Binti yako amekwisha kujifunza namna mwanamume anavyomdanganya mkewe. Tena tuongeze neno hili, kwa sababu linasahauliwa: huyo mwanamke wa pili na watoto aliokuzalia si taka za kutupa siku ya toba. Kuacha dhambi hakukupi ruhusa ya kuwaacha watoto na njaa. Watoto hao utawalisha.

Dhahabu chini ya hema

Akani aliiba vitu vitatu: vazi zuri, shekeli 200 za fedha, na kipande cha dhahabu cha shekeli 50, yaani zaidi kidogo ya nusu kilo. Alivizika chini ya hema. Watu kama 3,000 wakapanda kupigana na mji mdogo wa Ai, wakafukuzwa, na 36 wakafa. Watu 36 hao hawakuiona dhahabu ile. Wake zao hawakuambiwa kwa nini wamekuwa wajane.

Mnunuzi wa dhahabu anayepima kwa vijiti vya kiberiti na sarafu, naye anajua kijiti gani ni kizito; mama sokoni mwenye bakuli lililopondwa chini ili libebe mpunga kidogo; mtunza hazina wa kanisa anayekopa sadaka bila kuuliza: hawa wote wanasema jambo lao ni siri ndogo. Lakini mchimbaji aliyepunjwa anarudi shimoni na deni, na shimo likibomoka hakuna atakayeandika kwamba aliuawa na kijiti cha kiberiti. Zakayo alipotubu hakulia tu. Aliahidi kurudisha mara nne.

Tahadhari moja

Hapa lazima tuwe waangalifu, maana somo hili likishikwa vibaya linaua. Katika Yohana 9 wanafunzi walimwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Yesu akakataa swali lenyewe. Kwa hiyo si kila ugonjwa ni mshahara wa dhambi ya nyumba ile. Hakuna mwaminifu, hata mwenye karama ya kuona maono, mwenye ruhusa ya kusimama kwenye kilio na kuuliza marehemu alificha nini. Hakuna mwenye ruhusa ya kumwonyesha kidole bibi kizee au mtoto yatima na kumwita mlozi. Mtoto mwenye homa apelekwe hospitali, na maombi yaende pamoja naye. Somo hili ni kioo cha kujiangalia wewe mwenyewe.

Neno la kutisha la Waebrania

Kuna waaminifu wanaosoma Waebrania 10:26 na kusema: mimi nimekwisha, hakuna dhabihu tena kwa ajili yangu. Mwandishi anasema juu ya mtu anayeijua kweli, kisha kwa kusudi anamkanyaga Mwana wa Mungu chini ya miguu. Mtu huyo halii, tena hamwulizi mchungaji. Wewe unayetetemeka usiku kwa sababu ya dhambi yako, kutetemeka kwako kunaonyesha kwamba bado unasikia.

Hatari yenyewe ni siku utakapoacha kutetemeka. Samsoni alicheza na Delila mara tatu, na mara tatu nguvu zikabaki. Mara ya nne aliinuka akidhani mambo ni kama zamani, na Waamuzi 16:20 inasema hakujua kwamba Bwana amemwacha. Mkono unaoshika jembe kila siku unaota sugu, na mwishowe hausikii mwiba.

Namna ya kukitoa chumbani

Usikitupe usiku peke yako, maana kesho usiku utarudi kukiokota. Mwambie mzee wa kanisa mmoja unayemwamini, mtu asiye na mdomo. Kilicho cha mtu kirudishwe kwa mwenyewe. Dawa iletwe, isiuzwe. Na chumba kisibaki kitupu: katika Luka 11 Yesu alionya juu ya nyumba iliyofagiwa bila mkaaji, pepo akarudi na wengine saba.

Na nyinyi viongozi: Paulo aliagiza mtu wa Korintho atolewe (1 Wakorintho 5). Lakini katika waraka wa pili, sura ya 2, anaomba mtu aliyeadhibiwa asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni. Tunajua sana kufanya jambo la kwanza. Katika makusanyiko yetu wapo watu waliozuiwa tangu miaka, na hakuna mzee aliyewahi kwenda kuketi nao hata siku moja.

Maswali ya kujibu katika makundi

1. Kwa nini waaminifu wa Efeso hawakuuza vitabu vyao? Sisi tungefanya nini?

2. Someni tena 2 Samweli 12:10-14. Ni nini kilichofutwa, na ni nini kilichobaki?

3. Kati ya wale 36 waliokufa Ai na Akani aliyebaki hai siku ile, ni nani anayefanana na jirani yako?

4. Ni nani katika kusanyiko lenu aliyezuiwa, na hajatembelewa? Andikeni jina lake, mkubaliane ni nani atakwenda kwake, na siku gani.