Usimalizane na Dereva Kabla Mwili Haujasema

Chukua mfano huu. Mama amepanda mchomoko, gari dogo la abiria, kutoka Nkwenda kwenda Omurushaka, gunia lake la maharage limefungwa juu ya gari. Kwenye kona ya mteremko gari linateleza kwenye changarawe, linaparamia ukingo na kulala ubavu. Mama anatokea dirishani, anajifuta vumbi, anajishika tumbo kidogo, kisha anasema, "Namshukuru Mungu, niko mzima." Dereva anamsihi: "Mama, tuyamalize hapa hapa, tukifika polisi gari litashikiliwa." Karatasi inachanwa kwenye daftari, inaandikwa kwamba amelipwa shilingi 50,000 na hadai chochote. Kidole gumba kinapakwa wino wa kalamu, anaweka dole. Siku ya tatu tumbo linavimba, na simu ya dereva haipatikani.

Nawaomba wasomaji wa Karagwe na Kyerwa wasifike hapo. Baada ya ajali kuna mambo mawili ya kulinda, mwili na haki, na yote mawili huanza kuharibika saa ileile.

Okoa uhai kwanza

Piga 112 kuita polisi. Anayetoka damu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kuachia. Anayelalamika shingo au mgongo, au asiyehisi miguu, asikalishwe wala kukunjwa kwenye kiti cha bodaboda. Atafutiwe gari la kulala chali, abebwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na mwili vikiwa vimenyooka. Mguu uliovunjika ufungwe na ubao kama ulivyo, usivutwe wala kuchuliwa. Aliyeumia vibaya asipewe chai wala uji, maana huenda akahitaji upasuaji.

Mpeleke kituo cha karibu kinachoweza kumhudumia: Nyakahanga kwa Karagwe, Isingiro kwa upande wa Kyerwa. Madaktari wakiamua kumpa rufaa ya Bukoba, ambayo kutoka Kayanga ni zaidi ya kilomita 100, msibishane nao. Kwa damu inayovuja ndani, kila saa ina thamani.

PF3 ifuatwe, mgonjwa asisubiri

Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, hutolewa bure kituoni. Mgonjwa wa dharura anapaswa kutibiwa kwanza. Gaweni kazi: ndugu mmoja akae na mgonjwa, mwingine aende polisi kuripoti, achukue namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa, na fomu. Daktari akishaijaza, pigeni nakala kabla haijarudi polisi. Fomu hiyo ndiyo inayounganisha jeraha na ajali. Bila hiyo, mwenye gari anaweza kudai uliumia shambani.

Maumivu yanayochelewa

Mwili ukishtuka huficha maumivu. Hata kama unatembea, pimwa siku hiyohiyo, na kwa siku kadhaa zinazofuata usilale peke yako nyumbani. Rudi hospitali haraka ukiona kichwa kinauma na kuzidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno yanayochanganyika, au majimaji meupe yanayotoka puani au sikioni. Tumbo kuwa gumu, kizunguzungu unaposimama na damu kwenye mkojo ni ishara za kuumia ndani. Ukifungwa plasta na vidole vikaanza kufa ganzi, kubadilika rangi au kuuma kupita kiasi, rudi usiku huohuo. Jeraha lililoingia udongo, ulizia sindano ya pepopunda.

Kwenda kwa mwunga mifupa kabla ya picha ya eksirei ni hatari, hasa mfupa ukiwa umetoboa ngozi. Na kama fedha ni tatizo, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujafikiria kutoroka wodini.

Nani alipe?

Wengi hudhani dereva akitozwa faini mahakamani, mambo yamekwisha. Faini ya kesi ya trafiki huenda serikalini. Fidia yako ni dai jingine, na lazima ulifuate mwenyewe.

Kila chombo cha moto barabarani, bodaboda ikiwemo, kinatakiwa na sheria kuwa angalau na bima ndogo, inayolinda watu wengine: mpita njia, na abiria aliyelipa nauli. Andika namba ya gari. Kwa namba hiyo bima huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Gari likiwa na namba za Uganda, kama yale yanayoingilia Murongo, ulizia kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua.

Kama uliumia ukiwa kazini, mathalani utingo au dereva wa lori la kahawa, mwajiri atoe taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Huko huulizwi kosa lilikuwa la nani.

Weka kwenye bahasha moja: nakala ya PF3, taarifa ya polisi na mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, risiti zote za dawa na nauli, karatasi ya kuruhusiwa hospitali, picha, majina na simu za mashahidi. Kama kuna aliyefariki, ongeza cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi. Kampuni ya bima ikikuzungusha, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwenda mahakamani, sheria ya ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya namna hii. Msaidizi wa kisheria atakusaidia bila malipo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017.

Kuhusu maelewano

Kuelewana si dhambi. Dereva akikupa fedha ya matibabu, pokea, lakini iandikwe "msaada wa matibabu", wala si "sidai chochote". Karatasi ya aina ile ndiyo itakayotolewa kwanza dhidi yako. Maelewano ya mwisho yasubiri daktari aseme umepona au umebaki na ulemavu gani, na yafanyike mbele ya mtu anayejua sheria.

Mama wa mfano wetu angejibu hivi: "Mwanangu, nimekusamehe, lakini twende polisi na hospitali kwanza." Kidole gumba chake kingebaki bila wino mpaka tumbo lake liangaliwe.