Kabla ya Kumfuga Kasuku: Maswali Matano ya Kupima Utayari

Kasuku wa kijivu, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Psittacus erithacus, ni ndege mwenye urefu wa sentimeta 33 hivi na mkia mwekundu. Makazi yake ya asili ni misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, na ukingo wa mashariki wa eneo lake hufika Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ni ndege wachache sana wanaomfikia katika kuiga sauti ya binadamu.

Mtu amwonapo kasuku akiwaita watu wa nyumbani kwa majina yao, aghalabu hutamani kuwa na wake. Tamaa hiyo si kosa. Hata hivyo, kupenda ni jambo moja na kuwa tayari ni jambo jingine. Utayari unaweza kupimwa: kwanza maumbile ya ndege yajulikane, kisha yalinganishwe na maisha ya yule anayetaka kumfuga. Maswali matano yafuatayo yanatosha kwa kipimo hicho.

Swali la kwanza: Miaka

Kasuku anayetunzwa vyema huweza kuishi miaka 40 hadi 60. Hesabu yake ni rahisi. Mwanafunzi wa miaka 15 akimpata kasuku mchanga, na ndege huyo akaishi miaka 50, siku atakapokufa mwanafunzi atakuwa mzee wa miaka 65. Katikati ya miaka hiyo kuna shule ya bweni, chuo, kazi, uhamisho, ndoa na watoto. Mwalimu wa miaka 40 akimchukua ndege huyo huyo, hapana budi amtafute mrithi mapema.

Kumfungulia tundu aende zake si njia ya kumaliza jambo. Kasuku aliyekulia mikononi mwa watu hajui kutafuta chakula wala kumkwepa mwewe. Wahenga walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma.

Swali la pili: Saa za siku

Porini kasuku huishi kwa makundi. Hulala pamoja, huruka pamoja na huitana mchana kutwa. Ubongo wake umejengwa kwa maisha hayo. Kasuku mmoja aliyeitwa Alex, aliyenunuliwa dukani huko Chicago mwaka 1977 na mtafiti Irene Pepperberg, alifundishwa hadi alipokufa mwaka 2007. Alijifunza kutaja majina ya vitu 50 hivi, kutofautisha rangi na maumbo, na kutaja idadi ya vitu hadi 6.

Ndege mwenye akili ya namna hiyo akifungiwa peke yake tangu asubuhi hadi jioni hupata dhiki. Wengine hupiga makelele bila kukoma. Wengine hujinyonyoa manyoya hadi ngozi ikabaki wazi. Basi mfugaji na aulize: ni nani nyumbani atakayekuwa karibu naye kila siku, hata wakati wa mitihani? Aidha, kasuku ni ndege wa nchi za ikweta, ambako usiku una saa 12 hivi. Sebule yenye redio na taa hadi saa sita usiku humnyima usingizi.

Swali la tatu: Hewa

Binadamu avutapo pumzi, hewa huingia mapafuni na kutoka kwa njia ile ile, na hewa mpya huchanganyika na iliyokwisha tumika. Ndege hana mpango huo. Ana vifuko vya hewa, aghalabu 9, vinavyofanya kazi kama mivukuto ya mhunzi na kuisukuma hewa ipite mapafuni kwa upande mmoja tu, anapovuta pumzi na anapoitoa. Kwa njia hiyo hupata oksijeni nyingi ya kumwezesha kuruka. Lakini mlango unaoingiza oksijeni upesi huingiza sumu upesi vilevile. Ndiyo sababu wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walishuka mgodini na chiriku hadi mwaka 1986: gesi ya sumu ilimlegeza ndege kabla haijamwangusha mtu.

Kwa hiyo tundu lisiwekwe jikoni. Moshi wa kuni, gesi itokayo kwenye jiko la mkaa, dawa ya kupuliza mbu na moshi wa sigara vyote ni hatari. Kikaango chenye utando usiogandisha chakula, kikipata moto kupita kiasi, hutoa mvuke usioonekana ambao huweza kumwua ndege kwa dakika chache. Nyumba ya chumba kimoja ambamo watu hupika na kulala si mahali pa kasuku, hata wenye nyumba wawe wema namna gani.

Swali la nne: Chakula na afya

Watu wengi hudhani kuwa mbegu za alizeti zatosha. Mbegu hizo zina mafuta mengi, lakini zina upungufu wa vitamini A na kalsiamu. Na kasuku wa kijivu akikosa kalsiamu huweza kupatwa na kifafa. Ahitaji pia mboga za majani, karoti, boga na matunda. Parachichi asipewe kabisa, kwa kuwa lina kemikali inayodhuru moyo wa ndege. Chokoleti, kahawa, pombe na vyakula vya chumvi nyingi navyo ni mwiko.

Ndege huficha ugonjwa, kwani porini anayeonekana dhaifu huwindwa kwanza. Chombo cha kuufichua ni mizani. Kasuku mzima huwa na gramu 400 hadi 500 hivi. Apimwe kila juma, na uzito uandikwe daftarini. Aliyekuwa na gramu 450 akishuka hadi 405 amepoteza asilimia 10 ya uzito wake. Apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kungojea dalili nyingine. Yafaa kuuliza mapema kama daktari aliye karibu ana ujuzi wa kutibu ndege wa aina hii.

Afya ya watu nayo ihesabiwe. Bakteria waitwao Chlamydia psittaci hukaa katika kinyesi na vumbi la manyoya, na humwambukiza mtu homa ya kasuku, ambayo huleta joto kali, maumivu ya kichwa na kikohozi kikavu. Hutibika kwa viuavijasumu, lakini mgonjwa sharti amweleze daktari kwamba anafuga ndege.

Swali la tano: Ndege ametoka wapi?

Swali hili ndilo husahauliwa zaidi. Wategaji hupaka matawi ulimbo, au hupanda mitini na kuchukua makinda viotani. Wengi kati ya ndege hao hufa kabla ya kufika sokoni. Nchini Ghana, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kasuku wa kijivu walikuwa wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu mwaka 1992. Mwaka huo huo wa 2016, mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg uliamua kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini. Nchini Tanzania, kumkamata au kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai. Muuzaji asiyeweza kuonyesha hati za ndege wake ameshalijibu swali.

Jaribio la siku 30

Anayetaka kufuga na aanze bila ndege. Kwa siku 30 aamke alfajiri, aoshe vyombo viwili, abadili maji, atandike gazeti jipya kwenye sinia, akate mboga, akae nyumbani saa 2 mahali ambapo tundu lingewekwa, na azime taa na redio mapema mahali hapo. Jioni aandike kila alilotimiza na kila lililomshinda, pamoja na gharama. Kasuku hana siku ya mapumziko ya kula. Kwa hiyo kila siku iliyokosekana sharti iwe na jina la mtu mwingine aliyeshika zamu.

Ikiwa baada ya mwezi jibu ni “bado”, hilo ni jibu la kisayansi kama majibu mengine, na lina heshima yake. Aliyelipata amemwepusha ndege mmoja na miaka mingi ya mateso. Wala hakukosa ndege: beseni la maji chini ya mti shuleni litawaleta shomoro, tetere na chozi, ambao darasa zima laweza kuwachunguza na kuandika tabia zao bila kumfunga hata mmoja.

Maswali ya zoezi

1. Kasuku ana gramu 480. Akipoteza asilimia 10, atabaki na gramu ngapi?
2. Chora njia ya hewa katika mwili wa binadamu na wa ndege. Eleza kwa nini moshi humdhuru ndege upesi zaidi.
3. Tengeneza jedwali la siku 30 kwa ajili ya nyumba yako. Ni kazi gani isiyo na mtu wa kuishika utakapokuwa shuleni?
4. Jadilini darasani: je, ndege aliyezaliwa tunduni na aliyekamatwa msituni wana haki sawa mbele ya mfugaji?