Upime Uwanja Kwanza, Kisha Uchague Mashine ya Kukata Nyasi



Mvua ya masika ikisha kunyesha, nyasi za uwanja wako humea upesi, na mara nyingi hukushinda kwa sababu wakati huo huo mahindi yanataka kupaliliwa. Lakini nyasi ndefu karibu na nyumba si jambo la kupuuza. Ni maficho ya nyoka na panya, na kupe hupanda juu ya majani yake wakingojea ng'ombe au mbwa apite.

Mwenye uwanja mdogo haitaji mashine kubwa. Slasha kali na asubuhi moja humtosha. Lakini mwenye uwanja wa nusu ekari mpaka ekari mbili hivi, au kamati ya shule yenye uwanja wa kadiri hiyo, huanza kufikiri juu ya mashine ya petroli, ile ambayo mtu hutembea nyuma yake akishika mpini. Somo la mwezi huu ni juu ya kuchagua mashine hiyo, na hasa juu ya upana wake.

Tuseme wewe ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa karibu na Nyahururu. Umeweka akiba ya fedha za maziwa kwa miezi mingi. Unakwenda mjini, na dukani unaona mashine mbili. Moja ni ndogo, na nyingine ni pana karibu mara moja na nusu. Muuzaji anasema, "Chukua hii pana, bwana, itamaliza kazi upesi." Maneno yake ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili iko nyumbani kwako: katika lango lako, katika mteremko wako, na katika aina ya nyasi zako. Ukinunua bila kuitazama nusu hiyo, huenda ukaleta nyumbani mashine isiyopita langoni, au inayozimika kila hatua kumi, na fedha za maziwa hazitarudi.

Basi jambo la kwanza ni kupima uwanja, wala si kupima mashine.

1. PIMA UWANJA WAKO

Chukua kamba uliyoipima mita 10, na vijiti vinne. Pima urefu na upana wa uwanja. Zidisha urefu kwa upana. Kisha ondoa mahali pasipokatwa: nyumba, zizi, shamba la mboga, njia ya gari.

Kwa mfano, uwanja una urefu wa mita 80 na upana wa mita 60. Hizo ni mita za mraba 4,800. Nyumba, zizi na mboga vikichukua mita za mraba 800, zinabaki 4,000. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo uwanja huu una nyasi za karibu ekari moja.

Iandike hesabu hiyo katika karatasi uende nayo dukani. Mtu asiyejua ukubwa wa uwanja wake humwachia muuzaji amchagulie.

2. HESABU YA MWENDO

Mashine ndogo iliyo ya kawaida hukata upana wa sentimita 53, yaani inchi 21. Mashine pana hukata sentimita 76, yaani inchi 30. Ziko na nyingine za sentimita 91, yaani inchi 36, na kuzidi. Lakini hakuna mtu anayeweza kutumia upana wote, kwa maana lazima kila mstari uukanyage mstari wa kwanza kidogo, ili zisibaki nyasi katikati kama masharubu. Tuseme sentimita 8 hupotea kila mstari. Sasa tazama mwendo wa kukata ekari moja:

Mashine ya sentimita 53: utatembea karibu kilomita 9.
Mashine ya sentimita 76: utatembea karibu kilomita 6.
Mashine ya sentimita 91: utatembea karibu kilomita 5.

Ukitembea kilomita 4 kwa saa, mashine ya kwanza itakuchukua saa mbili na robo, ya pili saa moja na nusu, na ya tatu saa moja na robo. Hapo hatukuhesabu kugeuka wala kupumzika.

Zitazame sana hesabu hizo. Kutoka mashine ndogo mpaka ile ya sentimita 76, umeokoa dakika 45. Lakini kutoka ya sentimita 76 mpaka ya 91, umeokoa dakika 15 tu, na hapo huenda uzito na bei vimepanda sana. Mashine ndogo mara nyingi ina uzito wa kilo 30 mpaka 40. Ile ya sentimita 76 yaweza kuwa na kilo 60 na zaidi. Zile za sentimita 91 za kazi nzito huweza kupita kilo 150. Mwenye ekari moja asilipe fedha nyingi kwa ajili ya kuokoa robo saa.

Kwa nusu ekari, mashine ndogo bado yafaa. Kwa ekari moja mpaka mbili zilizo tambarare, sentimita 76 ni kipimo kizuri. Uwanja ukizidi ekari tatu, fikiri tena: pengine sehemu yake ingefaa kuzungushiwa ua iwe malisho, ng'ombe wakukatie nyasi bure na kukulipa kwa maziwa.

3. LANGO, MITI NA MATUTA

Pima lango lililo jembamba kuliko yote, na mlango wa ghala utakamoilaza mashine. Kumbuka kwamba upana wa kukata si upana wa mashine yote. Magurudumu na bomba la kutupia nyasi hutokeza nje. Dukani, pima mwenyewe kutoka ncha mpaka ncha.

Kisha hesabu miti na mitaro. Mashine pana hupenda mahali peupe penye mistari mirefu. Kama uwanja wako umejaa miparachichi na vitanda vya maua, utakuwa ukigeuka na kurudi nyuma kila mara, na ile faida ya dakika 45 itapotea yote.

Tazama pia kama ardhi ni sawa. Mashine ndogo hufuata mabonde na matuta madogo. Mashine pana hukaa juu ya tuta kama meza, na kisu hunyoa kichwa cha tuta mpaka udongo, huku bondeni nyasi zikibaki ndefu. Udongo na mawe humaliza kisu upesi. Ikiwa uwanja wako una mashimo ya fuko, yajaze na kusawazisha kabla ya kununua mashine pana.

4. PIMA MTEREMKO

Tafuta ubao ulionyoka wenye urefu wa mita moja, na chupa yenye maji isiyojaa kabisa. Weka ncha moja ya ubao chini, upande wa juu wa mlima. Inua ncha ya pili mpaka ubao uwe sawa. Utajua ni sawa ukilaza chupa juu yake na povu la hewa likasimama katikati. Sasa pima kutoka ile ncha uliyoiinua mpaka chini.

Ukipata zaidi ya sentimita 27, mteremko wako umepita digrii 15. Hapo si mahali pa mashine, na hasa si mahali pa mashine pana na nzito. Pakate kwa slasha, au pande nyasi za mabingobingo upate chakula cha ng'ombe na kuzuia udongo usichukuliwe na maji.

Penye mteremko mdogo, kata kwa kupita kando ya mlima, usipande na kushuka. Ukiteleza wakati wa kupanda, mashine itakurudia miguuni. Ukiteleza wakati wa kushuka, miguu yako itaiendea. Wala usikate nyasi zenye umande au mvua mahali palipoinama.

Kwa mashine pana, chagua ile ambayo injini huzungusha magurudumu yake yenyewe. Kilo 60 huonekana nyepesi katika sakafu ya duka, lakini ni jambo jingine katika mstari wa arobaini.

5. NGUVU YA INJINI NA KIMO CHA NCHI

Hili ni jambo ambalo wengi wetu wa nchi ya juu hatulifikiri. Injini ya petroli huvuta hewa kama sisi. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na injini hupoteza nguvu. Kipimo kinachotumika ni kwamba hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 juu ya bahari.

Mashine iliyo na nguvu zake zote huko Mombasa, ikifika Nairobi, penye kimo cha mita 1,700 hivi, imepoteza karibu sehemu moja katika tano. Nyahururu, penye kimo cha mita 2,300 hivi, imepoteza zaidi ya robo. Nguvu za farasi 10 zilizoandikwa katika karatasi, huko hubaki 7 na kidogo.

Na nyasi zetu za juu si laini. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni huku kwetu katika nchi za juu za Afrika Mashariki, husukana kama mkeka mnene. Kisu kipana hukamata nyasi nyingi kwa mara moja, na injini dhaifu huzimika. Kwa hiyo, ukichagua upana mkubwa, chagua na injini inayoupita upana huo kwa nguvu. Ukikosa fedha za injini kubwa, heri mashine nyembamba inayokata kuliko pana inayozimika.

Tena, ukikaa juu ya mita 1,500, mwulize muuzaji kama kabureta yahitaji kurekebishwa kwa hewa ya juu. Isiporekebishwa, yaweza kunywa petroli nyingi, kutoa moshi mweusi na kuchafua plagi.

Na usiruhusu nyasi kuwa ndefu mno kabla ya kukata. Kanuni nzuri ni kutoondoa zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Zikikushinda wakati wa mvua, kata juu kwanza, ngoja siku chache, kisha kata chini.

6. KISU HAKINA HURUMA

Kisu cha sentimita 53 kinachozunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake hukimbia zaidi ya mita 80 kwa sekunde moja. Jiwe likipigwa na ncha hiyo huruka na kuweza kutoboa jicho. Kidole kikiingia hakirudi.

Tafuta mashine yenye wenzo katika mpini, ambao ukiuachilia kisu husimama. Huko Marekani, kwa mashine za nyumbani zilizotengenezwa tangu katikati ya mwaka 1982, sheria hutaka kisu kisimame ndani ya sekunde 3. Ijaribu mashine dukani: iwashe, achilia wenzo, hesabu moja, mbili, tatu. Na ukifika nyumbani usimkubalie kibarua kuufunga wenzo huo kwa waya ili apumzishe mkono. Wenzo huo ni mlinzi wa miguu yake.

Kabla ya kukata, okota mawe, mifupa na vipande vya waya. Vaa buti, si kandambili. Watoto wakae mbali. Usitie mkono chini ya mashine kabla hujazima injini na kuondoa waya wa plagi.

Wafugaji wajihadhari pia na jambo hili: nyasi zilizokatwa vipande vidogo na mashine zikilundikwa hupata joto na kuoza upesi, na waya au msumari uliokatwa pamoja nazo ukimezwa na ng'ombe waweza kumtoboa tumbo na kumwua. Zitie katika shimo la mbolea, usizitie horini.

7. FUNDI NA VIPURI

Mashine isiyo na vipuri karibu ni chuma kizee kinachongoja siku yake. Mwulize muuzaji akuonyeshe, asikwambie tu, visu vya akiba, mkanda, plagi na kichujio cha hewa. Mashine pana mara nyingi ina visu viwili na mkanda wa kuvizungusha, kwa hiyo ina vitu vingi zaidi vya kuchakaa.

Tazama mafuta ya injini kila siku kabla ya kuwasha. Kwa injini nyingi ndogo, mafuta ya kwanza hubadilishwa baada ya saa 5 za kazi, kisha kila saa 50. Soma kitabu cha mashine yako ufuate kisemavyo. Kisu kinolewe baada ya saa 25 hivi, na mapema zaidi kikigonga mawe. Petroli isilale katika tangi zaidi ya mwezi.

MASWALI YA KUJIJIBU KABLA YA KUTOA FEDHA

Uwanja wangu una nyasi za mita za mraba ngapi?
Lango langu lililo jembamba kuliko yote lina upana gani?
Mteremko wangu umepita sentimita 27 kwa mita moja?
Ardhi ni sawa, au ina matuta na mawe?
Nakaa kimo gani juu ya bahari, na injini hii yaiweza kazi huko?
Nani ataisukuma, na anaziweza kilo zake?
Kisu na mkanda nitavipata wapi siku vitakapokatika?

Kama umeyajibu yote saba, na mashine ya sentimita 76 bado yafaa, inunue kwa moyo mweupe, nayo itakuokolea saa nyingi za mwaka. Kama swali moja limekukwaza, rudi nyumbani na kamba yako. Kupima mara ya pili hakuna gharama, lakini mashine iliyonunuliwa vibaya itakudai kila mwezi, hata ikiwa imelala ghalani.