Mnyanya wa kiroba ukinuna, angalia maji kabla ya mbolea

Jani la mnyanya likigeuka njano, wengi wetu mkono huenda moja kwa moja kwenye samadi. Kwa anayelima kwa mboji na samadi, bila mbolea za dukani, haraka hiyo huua miche mingi kuliko njaa yenyewe. Udongo ulioandaliwa vizuri huwa na chakula cha wiki kadhaa. Mara nyingi kilichoharibika ni maji: yamezidi, yamepungua, au yanakuja leo kwa wingi na kesho hakuna. Fuata vidokezo hivi kwa mpangilio wake, ili uondoe shaka moja kabla ya kuigeukia nyingine.

1. Zamisha kidole. Juu ya udongo hapaaminiki, maana jua hupakausha wakati chini kumejaa tope. Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka na udongo wenye unyevu, acha hadi kesho. Kisha nyanyua ndoo au egemeza kiroba kidogo usikie uzito wake. Ukifanya hivyo kila asubuhi, mkono utazoea na utajua bila kuchimba. Nusa pia matundu ya chini. Ukikutana na uvundo, mizizi imekosa hewa.

2. Angalia mche unalegea saa ngapi. Kulegea saa saba mchana na kusimama tena jioni ni jua tu, hasa Dodoma au Mombasa. Usimwage maji kwa hofu. Tatizo ni mche unaoamka saa moja asubuhi ukiwa bado umelegea. Udongo ukiwa mkavu, mche una kiu. Udongo ukiwa umelowa, mizizi inazama, na majani ya chini yatakuwa yanageuka njano yote kwa pamoja. Hapo acha kumwagilia, zibua matundu, kipandishe kiroba juu ya matofali maji yapate pa kutokea. Mizizi isiyovuta hewa hainyonyi chakula, hata ukiuwekea debe zima la samadi.

3. Udongo uliokauka kupita kiasi hukataa maji. Utamwaga kopo zima na maji yatatokea chini papo hapo, ukadhani mche umeshiba, kumbe yamepita pembeni na katikati ni vumbi. Mwagilia kidogo, subiri dakika kumi, rudia, mara tatu au nne. Halafu tandaza majani makavu juu yake. Kwa kilimo cha kiroba, matandazo ndiyo kinga rahisi kuliko zote.

4. Sasa soma majani, ukianza na swali moja: ni ya chini au ya juu? Naitrojeni, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuzihamisha. Zikipungua, huzitoa kwenye majani ya zamani na kuzipeleka kwenye machipukizi, kwa hiyo dalili huanzia chini. Chuma na kalsiamu hazihami kirahisi, ndiyo maana upungufu wake huonekana juu, kwenye majani machanga na matunda.

Jani la chini likipauka lote na mche ukadumaa, ni naitrojeni. Weka mboji iliyoiva na uifunike kwa matandazo. Likiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani, ni magnesiamu. Koroga kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya Epsom katika lita 4 za maji, unyunyize majani jioni. Kingo za majani ya zamani zikiungua na kuwa kahawia, shuku potasiamu. Mishipa ya kijani kwenye jani la njano lililo kileleni ni suala la chuma, na kwa kawaida chuma kimo udongoni, ila mche haukifikii. Majani yakiwa na rangi ya zambarau upande wa chini, fikiria fosforasi. Lakini kama uko Njombe au Limuru mwezi wa Juni au Julai, baridi ya udongo huleta dalili hiyo hiyo, na huondoka joto likirudi.

5. Tunda likioza kitako, usikimbilie maganda ya mayai. Doa jeusi lililobonyea chini ya tunda ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na kalsiamu husafiri na maji. Ukimwagilia kwa kushtukiza, haifiki. Maganda ya mayai huoza polepole mno kuokoa matunda ya msimu huu. Chuma yaliyoharibika, mwagilia kwa kipimo kile kile kila mara, na matunda yanayofuata yatatoka salama.

6. Majani mazito, kijani iliyokolea, maua hakuna? Samadi imezidi, na ya kuku ndiyo yenye nguvu kuliko ya ng'ombe. Usiongeze kitu. Maua yakitoka na kudondoka, tazama joto kwanza: mchana ukipita nyuzi 32 na usiku usishuke chini ya nyuzi 21, mnyanya hushindwa kufunga matunda. Kivuli chepesi cha mchana husaidia.

7. Majivu yana potasiamu, na yana madhara yakizidi. Hupunguza asidi ya udongo, na mnyanya hupenda pH ya 6.0 hadi 6.8. Ikipanda sana, chuma hujifunga. Potasiamu ikizidi, huizuia magnesiamu kuingia. Konzi moja ndogo kwa kiroba inatosha msimu mzima.

8. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ikiwa bado ina joto au inatoa harufu kali ya amonia, iache iendelee kuoza. Maranda nayo usiyachanganye na udongo: vijidudu vinavyoyaozesha hula naitrojeni ya mche wako. Yatandaze juu tu.

9. Wa pwani, onja maji ya kisima chako. Maji ya chumvi huacha ukoko mweupe juu ya udongo, na ncha za majani huungua huku kiroba kikiwa na unyevu. Kinga maji ya mvua, au mwagilia mara moja moja kwa maji mengi matamu ili chumvi ioshwe na kutoka chini.

10. Kuna magonjwa yanayojifanya njaa. Mche ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria, na hauna tiba. Ng'oa, choma, na udongo ule usipande tena nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo. Mizizi yenye vinundu ina minyoo fundo. Majani machanga madogo yaliyojikunja juu yana virusi vinavyoletwa na nzi weupe. Na vijia vyeupe ndani ya jani huweza kuwa kazi ya kantangaze, nondo aliyetoka Amerika Kusini.

11. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Ukiongeza samadi, ukapunguza maji na kunyunyiza chumvi ya Epsom siku ile ile, hutajua kipi kimeponya wala kipi kimedhuru. Mbolea za asili huchukua wiki moja hadi mbili kuonekana. Majani yaliyokwisha kuungua hayatarudi kijani, kwa hiyo pima mafanikio kwa yale mapya yanayochipua. Wiki mbili zikipita na hata hayo yanatoka yamepauka, chuma jani moja la chini na moja la juu, chukua na konzi ya udongo, umpelekee bwana shamba wa kata yako ayaone kwa macho yake.